Mawe Kwenye Rafu za Bi Geismar

Jiwe la saba lilikuwa dogo kuliko yote, na Bi Hortense Geismar alikataa katakata kuligusa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kumbukumbu, mikono kaibana kwapani, akalionyesha kwa kidevu.

"Hilo hapo. Jana mahali hapo palikuwa na kitambaa cha Edgar Bollack, mapa yake. Leo pana hilo."

Inspekta Colette Bigart alivaa glovu akaliokota. Lilikuwa jiwe jekundu la mchanga, upande mmoja umeota kuvu ya kijani, upande wa pili una udongo wa manjano. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Limewekwa asubuhi hii hii," alisema.

"Asubuhi hii nilikuwa chini nakunywa kahawa, mwanangu. Mlango mkubwa nimeukomea kwa ndani. Sijasikia hata panya."

"Panya haleti jiwe."

"Usinitanie, Colette. Nina miaka sabini na mbili, sijawahi kuogopa vitabu wala vitambaa. Sasa naogopa kupanda ngazi zangu mwenyewe."

Usimlaumu. Sinagogi ya Ettenwiller haikuwa imesaliwa ndani tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mafundi walipokuja kutengeneza paa, walitoboa dari ya mbao na magunia yakawaporomokea: vitabu vya sala vilivyoliwa na nondo, mikanda ya ngozi iliyokauka, na mapa, zaidi ya mia. Kwetu sisi Wayahudi wa Alsace mtoto wa kiume akishatahiriwa, nepi aliyofungwa siku ile haitupwi. Mama huifua, huikata vipande vinne, huviunga vikawa mkanda mrefu uitwao mapa, kisha hutarizi juu yake jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Mtoto akitimiza miaka mitatu huubeba mwenyewe hadi sinagogi, ukafungiwa gombo la Torati. Basi dari ile ilikuwa imeficha watoto wa kijiji kizima, vizazi na vizazi. Bi Geismar, mwalimu mstaafu asiye na mume wala paka, aliwaokota mmoja mmoja, akawapiga picha, akawapangia rafu kwenye roshani walikosalia wanawake zamani.

Mapa nyingine zilitundikwa kwenye fito zipunge hewa. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, lakini zilikuwa zikitikisika. Colette alipopita katikati yake alihisi kama mwalimu aliyeingia darasani, na watoto wote wakanyamaza kwa pamoja. Hakulipenda hata kidogo jambo hilo.

"Askari wa jendarmeri wanasema nini?" aliuliza.

"Kwamba ni vitisho. Kwamba kuna wahuni wanaotuchukia, leo wanaacha mawe ndani, kesho watayarusha dirishani. Meya anataka kuniwekea mlinzi na mbwa."

"Wewe unasemaje?"

Bi Geismar alimtazama. Wote wawili walikuwa wamelelewa nyumba za aina moja, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake anajua.

"Jiwe kwetu si la kumtishia mtu," alisema Bi Geismar polepole. "Jiwe tunamwekea maiti kaburini, ajue kwamba tulikuja."

"Ndiyo. Na hapo ndipo ninapochoka. Afadhali wangekuwa wahuni."

Siku iliyotangulia Colette alikuwa Strasbourg, dukani kwa Fritz Oberlé, muuza vitu vya kale ambaye polisi wa mji mzima walimjua kwa jina na kwa tabia. Oberlé alikuwa amewahi kumtembelea Bi Geismar mara mbili akijifanya mtalii. Colette alimpangia picha za mapa sita zilizokwisha kupotea, hapo juu ya kioo cha meza yake. Oberlé alizitazama kisha akaangua kicheko.

"Mama weee! Unanitukana, Inspekta. Hizi ndizo nilizoiba mimi?"

"Zimekwenda wapi?"

"Sijui, na wala sitaki kujua. Tazama mshono huu, kama kuku kapita na miguu ya wino. Pamba ya kiwandani, uzi wa bei ya chini. Pale juu, rafu ya tatu, kuna mapa ya hariri ina simba na kulungu, ya zama za wafalme. Hiyo ipo?"

"Ipo."

"Haikuguswa?"

"Haikuguswa."

"Basi mwizi wako ama kipofu, ama hana haja ya kuuza. Mimi ni mwizi mwenye macho, dada yangu. Nenda katafute kwingine."

Colette alimwamini, kwa sababu Oberlé alikuwa ameudhika kweli, na mtu wa namna ile haudhiki bure.

Sasa alirudi kwenye meza ya Bi Geismar, akazipanga zile picha sita upya na kuongeza ya saba. Raymond Moch. Gilbert Ulmo. Ndugu wawili wa ukoo wa Klotz. Julien Schwob. Roger Wormser. Edgar Bollack. Wote walizaliwa miaka saba ya mwisho kabla ya vita. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya bamba la marumaru lililopigiliwa ukumbini, lile la waliochukuliwa na Wajerumani wasirudi. Aliyaona majina yote saba pale. Alipanda tena.

"Bi Geismar, kaa chini."

"Nimekaa asubuhi nzima."

"Kaa tu. Jumamosi unakuwa wapi?"

"Sabato? Nyumbani. Nisali, nile, nilale. Jengo hili linabaki tupu tangu Ijumaa jioni."

"Na hakuna jiwe hata moja lililowekwa Jumamosi."

Bi Geismar alihesabu siku kwa vidole.

"Hebu fikiri na mimi," Colette aliendelea. "Wewe ni mwizi. Una siku moja katika wiki nyumba iko tupu, hakuna bibi wa kupanda ngazi na kahawa yake. Unaacha kuja siku hiyo! Unakuja Jumatatu, Jumatano, leo Ijumaa asubuhi, mwenye nyumba yuko hapo chini. Ni mwizi gani huyo?"

"Anayeshika Sabato," alinong'ona Bi Geismar.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Ettenwiller hii mmebaki wangapi mnaoishika?"

"Mimi. Na…"

"Nani alikuja hapa akakuomba kitu, ukamnyima?"

Bi Geismar alianza kuzinyoosha zile picha ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. "Isidore Moch," alisema hatimaye. "Alikuwa mtunzaji wa sinagogi hii kabla ya vita. Sasa anatunza makaburi kule mlimani. Alikuja mwezi uliopita akaiomba mapa ya Raymond, mwanawe. Nikamwambia, Isidore, kumbukumbu si mali ya mtu mmoja, hii ni ya jumuiya. Tutaiweka ndani ya kioo, watu waje waione, wajue kwamba tulikuwapo."

"Akasemaje?"

"Akasema, mtoto hatundikwi, Hortense, mtoto hulazwa. Akavaa kofia akaondoka. Nikadhani yamekwisha." Machozi yalikuwa yakimlenga. "Mungu wangu, kwa nini hukuniuliza mapema?"

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

Nyuma ya kabati la mwisho Colette alikuta mlango mdogo, ule uliokuwa ukitumiwa na wanawake kupanda kutoka uani bila kupita kwa wanaume. Bi Geismar aliapa kuwa ulikuwa umeota kutu tangu enzi za baba yake. Colette aliusukuma kwa kidole. Ulifunguka kimya, na bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta.

"Vizuri," alisema. "Hakuna mzimu. Kuna mzee mwenye ufunguo. Nitaongea naye taratibu, atarudisha vitambaa, na Jumatatu tutacheka."

"Hatutacheka," alisema Bi Geismar, na rangi ilikuwa imemtoka. "Colette, Edgar Bollack anakuja leo. Kwa treni ya mchana."

"Edgar Bollack yuko kwenye marumaru."

"Yuko kwenye marumaru, na alinipigia simu juma lililopita." Ikamtoka yote kwa mkupuo. Kule kusini, Dordogne, walikokimbilia watu wa Ettenwiller wakati wa vita, kulikuwa na fundi saa aitwaye Étienne Faure. Mama yake mzazi, au aliyemdhania kuwa mama mzazi, alipokuwa akikata roho alimwambia: wewe si wangu, mwanangu. Mama yako alinikabidhi juu ya ukuta wa bustani asubuhi waliyokuja kuwachukua. Unatoka Ettenwiller. Unaitwa Edgar Bollack. "Hana kitu chake, Colette. Hana picha, hana pete, sura ya mama yake haikumbuki. Nikamwambia kwenye simu, tunayo mapa yako, kaishona mama yako kwa mkono wake mwenyewe. Alilia hata nikashindwa kumsikia. Sikumwambia mtu, maana niliogopa isije ikawa uongo. Sasa nimpe nini? Nimpe jiwe?"

Colette alichungulia dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mizabibu, na juu ya ukungu wingu lilikuwa jeusi. Mtoto hulazwa, alisema yule mzee. Udongo wa manjano kwenye jiwe ulikuwa mbichi.

"Hulazwa wapi?" alijiuliza kwa sauti, na papo hapo akajua. "Bi Geismar, kampokee mgeni wako stesheni. Mlete makaburini moja kwa moja. Usimpitishe kokote."

"Makaburini? Mtu aliye hai?"

"Na ufanye haraka. Pamba haikai kwenye udongo uliolowa, na jua likizama Moch hatashika sepetu mpaka Jumapili. Hata nikimwekea bastola kichwani hatalishika."

Makaburi ya Ettenwiller yako nje ya kijiji, kwenye mteremko, mawe mekundu yaliyoinama huku na huku. Kabla hajafika langoni Colette alisikia pampu ikilia. Mzee Isidore Moch alikuwa ananawa mikono, mara wa kulia, mara wa kushoto, kama anavyonawa kila mtu wetu anapotoka kuzika. Lakini Ettenwiller haikuwa imezika mtu tangu majira ya kuchipua.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Wewe si wa Bigart, muuza vitambaa? Una macho ya bibi yako."

"Ndiye mimi. Mzee, nani amefariki?"

Moch alikung'uta maji mikononi. Hakutafuta taulo, wala hakutafuta uongo.

"Saba," alisema.

Alimwongoza hadi chini ya ukuta wa mbali. Yalikuwapo matuta saba, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima, yamepangwa mstari mmoja. Kila tuta lilikuwa na kibao chenye jina. La kwanza lilikuwa limeshaanza kuzama kidogo. La mwisho lilikuwa linafuka mvuke.

"Nimewatengenezea masanduku ya mbao, bila misumari, kama inavyotakiwa," alisema Moch. "Chini nimeyatoboa, udongo uwafikie. Mapa nimezikunja, nimezisomea, nimezilaza. Na kule juu nilikowatoa nikawawekea jiwe, nisiondoke kama mwizi."

"Lakini uliiba."

"Niliiba. Nifunge pingu."

"Pingu baadaye. Kwa nini wote? Wako alikuwa mmoja."

"Nimzike wangu, niwaache wenziwe wananing'inia kwenye fito, Hortense awapige picha?" Sauti yake ilipanda kwa hasira, ikakatika. "Sikia, binti. Mimi nilitekwa vitani, nikakaa kambi ya wafungwa ya askari miaka mitano. Tuliokuwa na bunduki tulirudi. Waliokuwa na nepi hawakurudi. Nimerudi nimekuta nyumba tupu, hakuna mke, hakuna Raymond. Miaka arobaini na ushei nasoma Kadishi hewani, sala ya mfu bila kaburi la mfu. Unajua mfu asiye na kaburi anafanya nini? Anarudi nyumbani. Kila asubuhi namsikia anatembea jikoni. Tangu nimlaze hapa, sijamsikia. Nimelala usingizi, binti. Nimelala!"

Matone ya kwanza ya mvua yaliangukia vibao. Colette alimhurumia, na akaona hapana njia ya kulisema lile jambo kwa upole.

"Mzee Moch, Edgar Bollack yu hai."

"Usinichezee."

"Yu hai. Yuko njiani."

"Jina lake nilimpa mchonga mawe mimi mwenyewe!"

"Ulimwona amekufa?"

"Sikumwona akirudi."

"Sikukuuliza hilo. Ulimwona amekufa?"

Moch aligeukia kibao cha mwisho. Baada ya vita ndivyo walivyohesabu wote, wao wachache waliobaki: aliyerudi, aliyerudi, aliyerudi. Asiyerudi alichongwa kwenye marumaru. Hapakuwa na namna nyingine ya kuhesabu.

"Hata kama," alisema mwishowe, ukali umemrudia. "Kilichozikwa hakifukuliwi. Mimi ndiye mtunzaji hapa, ninaijua sheria kuliko polisi. Na kesho ni Sabato, jua hilo linazama. Mtu akija na kusema mimi ni Bollack, nitajuaje? Wezi wa majina wako wengi."

"Usiandikie mate na wino ungalipo. Yule pale, muulize mwenyewe."

Ukungu ulikuwa mzito langoni. Kwanza ilitokea skafu ya Bi Geismar, kisha nyuma yake mwanamume mrefu aliyeshika kifua kwa mkono mmoja, anatembea kwa kujikokota. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, na uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Anaumwa," Bi Geismar alisema akihema. "Nilitaka kumpeleka kwa daktari, kakataa."

"Si kitu," alisema yule mgeni. "Nilipopanda treni jana usiku nilikuwa mzima. Asubuhi hii, tumepita Belfort, kifua kikabana ghafla kama mtu kanikalia. Mdomo mzima ladha ya udongo. Nimekunywa maji chupa mbili, haitoki." Alijaribu kutabasamu. "Samahani. Sijui kwa nini nawaambia haya. Bibi amesema mama yangu yuko huku."

Yeye mwenyewe alikuwa ameshayaona matuta, na kwenye kile kibao cha mwisho ameshasoma.

"Huyu ni mimi?" aliuliza.

Moch alikuwa anamtazama mdomo wazi. Sepetu alilokuwa ameliegemea lilimponyoka. "Asubuhi gani?" alisema kwa sauti iliyokauka. "Kifua. Asubuhi, saa za kunywa kahawa?"

"Saa hizo hizo. Kwani kuna nini?"

"Ole wangu," alisema Moch. "Saa hizo ndizo nilizomfukia. Ole wangu, nimemzika mtu aliye hai!"

Colette alikuwa amejiandaa kubishana naye sheria mpaka giza liingie. Haikuhitajika. Mzee wa miaka themanini alijitupa magotini kwenye tope akaanza kufukua kwa vidole, kama mtu anayemtoa mwenzake chini ya kifusi, akilia na kuomba radhi, mara kwa Mungu, mara kwa yule mgeni. "Nisamehe, mwanangu. Nilikusomea sala za maiti, nisamehe. Vumilia, sasa hivi, sasa hivi." Colette alipiga magoti upande wa pili. Mvua ilikuwa imeshika kasi, na maji yalikuwa yanatangulia kushuka shimoni kabla ya mikono yao.

Sanduku lilitoka likichuruzika. Moch aliling'oa kifuniko, akaichukua mapa, akaitia haraka ndani ya koti lake ifutike, kisha akaitoa na kuikabidhi kwa mikono miwili. Pembe moja ilikuwa imeshaingia udongo. Sehemu iliyobaki ilikuwa kavu.

Edgar Bollack aliikunjua kidogo kidogo chini ya mwavuli wa Bi Geismar. Herufi za Kiebrania hakuzijua, lakini samaki wawili waliotariziwa kando ya tarehe aliwatambua, maana ndiyo alama ya nyota yake, yeye aliyezaliwa mwishoni mwa Februari. Samaki mmoja alikuwa na macho mawili upande mmoja. Katikati ya jina, uzi wa buluu ulikuwa umekwisha, mshonaji akaendelea na mwekundu.

"Hakujua kushona," alisema Edgar.

"Hakujua," Bi Geismar alisema. "Germaine Bollack alikuwa hawezi hata kubandika kifungo. Kijiji kizima kilimcheka. Lakini hii hakutaka kumpa mtu amshonee."

Edgar alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Aliibana mapa shavuni. Alivuta pumzi ndefu, ikaingia yote, akavuta nyingine. Rangi ilikuwa inamrudia usoni, na Colette, asiyeamini mambo ya namna hiyo, aliona haya kuendelea kumtazama.

Basi kesi imekwisha, alijiambia. Mwizi amepatikana, mali imepatikana, mwenyewe amepatikana. Alimgeukia Moch ili amshike mkono ampeleke nyumbani.

Moch hakuwa pale shimoni. Alikuwa amesimama mbele ya tuta la kwanza.

"Inspekta," alisema. Hakumwita tena binti. "Huyu nilimzika kwa sababu hakurudi."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Raymond naye nilimzika kwa sababu hakurudi."

"Mzee…"

"Nijibu! Kazi yako ni kujua. Ukuta ule wa bustani, mama Bollack kampitisha wake juu. Mke wangu alikuwa jirani yake, mlango kwa mlango. Yeye alipitisha nani?"

Watoto wa miaka ile karibu wote walikwisha, alilijua hilo, na kila mtu analijua. Lakini karibu wote si wote, na mwenye kulithibitisha alikuwa amesimama nyuma yake kashika nepi yake.

"Sijui," alisema.

"Isidore," Bi Geismar aliita kwa upole. "Sabato inaingia. Twende nyumbani."

Moch aliinama juu ya tuta, mkono kaunyoosha, akashindwa kuchimba na akashindwa kuondoka. Kisha alinyooka, akaupa mgongo ukuta, akageukia mizabibu na ukungu. Akaita, kwa sauti ya baba anayemwita mtoto aliyechelewa mchezoni, chakula kiko mezani.

"Raymond! Ray-mond! Njoo nyumbani!"

Hakuna aliyemzuia. Na Inspekta Colette Bigart, mtu wa ushahidi na vielelezo, alisimama kwenye mvua pamoja nao, akatega sikio.